Cheti cha Mbwa Kilichomfunga Mdogo Wangu

Kwa anayekutana nami leo kwa mara ya kwanza: naitwa Zuleha, binti wa mzee Akida wa Shinyanga mjini, na kazi yangu ni daktari wa mifugo. Kwa miaka minne nilikuwa katibu wa afya wa chama chetu cha wafugaji wa mbwa wa mbegu halisi. Wiki iliyopita niliishia pale mwenyekiti wetu, Vipul, alipoweka mezani kwangu picha ya eksirei ya nyonga za dume lake, Kaizari.

Nilisaini uongo.

Sikutishwa. Sikupewa hata soda. Kanuni ya kumi na moja ya chama inasema mbwa mwenye nyonga mbovu hazalishwi wala haingii uwanjani siku ya maonyesho, na cheti cha nyonga hutolewa na katibu wa afya peke yake. Ile picha ilionyesha kichwa cha mfupa wa paja la kushoto kimekaa juu ya kikombe chake kama yai juu ya sahani. Mimi nikaandika: "Nyonga safi. Daraja la kwanza."

Nilitaka ujaji. Vipul ndiye aliyekuwa na kauli ya nani aende Nairobi kwenye mafunzo ya majaji, na kutoka kanda yetu hakuwahi kwenda mwanamke. Nilijiona nimesimama katikati ya uwanja, nanyoosha kidole, mbwa mmoja anashinda na kumi wanarudi nyumbani. Nilitaka baba asikie. Baba yangu, tangu nianze kazi hii, aliniwekea ndoo ya maji na kopo la udongo nje ya geti, nioshe mikono mara saba kabla sijagusa kitasa cha nyumba yake.

Basi Kaizari akazalisha. Kahama, Geita, Tinde, kila kitoto kikitoka na nakala ya cheti changu.

Mmoja wa watoto hao aliitwa Radi. Alinunuliwa na Eustace, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu kule Segese. Eustace aliponiuliza nani anaweza kumwongoza mbwa wa namna ile, nilijibu bila kufikiri.

"Nina mdogo wangu, Sufiani. Yule anapenda mbwa kuliko watu."

Ndivyo nilivyomtafutia kazi mtoto wa mama yangu.

*

Alinipigia Jumatatu asubuhi.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mbona sauti imelala hivyo?"

"Radi hataki kuruka ukuta wa viroba. Wiki jana aliruka, akalia. Leo ananitazama tu, kama mtu unayemdai."

Mbwa yule alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, umri ambao nyonga mbovu huanza kusema.

Kesho yake nilikuwa Segese. Getini nilimkuta Jilala, mlinzi wa mchana, mzee wa Kisukuma mwenye koti la mvua hata jua likiwaka.

"Mwangaluka, mayu dokta."

"Mwangaluka, baba. Mbwa wako vipi?"

"Mbwa huyu anaamka kama mimi," akasema. "Anaanza mbele. Nyuma anafikiria kwanza."

Akacheka. Mimi sikuweza.

Sufiani alimlaza Radi kivulini, akampakata kichwa. Nikaukamata mguu wa nyuma wa kushoto, nikaunyoosha taratibu. Chini ya kiganja changu mfupa ukatoka, ukarudi. Tok. Nikajaribu wa kulia. Tok.

Mbwa hakuning'ata. Alinilamba kidole.

"Ni nini, dada?"

Nilikuwa na nafasi pale. Tulikuwa wawili, damu moja, hakuna mtu wa tatu. Ningesema: Sufiani, mbwa huyu amezaliwa hivi, baba yake yuko hivi, na mimi nilijua.

"Misuli," nikasema. "Umemkimbiza kupita kiasi akiwa bado mchanga."

"Mimi?"

"Nani mwingine anayemfundisha?"

Akainamisha uso. Halafu akamsemesha mbwa, siyo mimi. "Nisamehe, Radi. Sikujua nakuumiza."

Nikampa vidonge vya maumivu vya wiki mbili. Nikamwambia ampumzishe. Na nikaongeza neno ambalo nalijutia kuliko yote.

"Usimwambie Eustace. Akijua mbwa anaumwa, atakutimua."

"Sawa, dada," akasema. Mdogo wangu hakuwahi kunipinga maishani mwake.

*

Ijumaa ya wiki ile ile, saa saba mchana, watu wanne walivamia karasha.

Walichagua saa ya swala. Sufiani alikuwa ameomba ruhusa, amevaa kanzu, amekwenda msikitini. Mbwa alimwacha na Jilala.

Walioona walisema Jilala alifanya kila alichofundishwa. Alipuliza filimbi. Alifungua mnyororo. Akapiga kelele: "Kamata!" Radi akatoka mbio, akawafikia, akajikunja kumrukia wa kwanza. Miguu ya nyuma ikakataa. Akaanguka kifudifudi mbele yao kama kiroba kilichodondoka kwenye gari.

Wakamruka. Wakamfikia Jilala. Walitumia nondo.

Dhahabu ya wiki nzima ikaondoka, na mzee akabaki chini, koti lake la mvua limelowa damu.

Eustace ndiye aliyenipigia. Hakunisalimu.

"Dokta, njoo uone kazi ya mdogo wako."

Nilipofika, Jilala alishapelekwa hospitali Kahama, hajitambui. Radi alikuwa amelala kando ya uzio, anahema, anajaribu kusimama, anakaa. Sufiani alikuwa kwenye benchi, bado na kanzu yake nyeupe, pingu mikononi. Wachimbaji na wasagaji mawe walikuwa wamejazana wakimzomea.

"Msaliti! Kamuuza mzee!"

Mkaguzi wa polisi alikuwa mtu mpole wa sauti ndogo. Alishika karatasi iliyotiwa plastiki. Niliijua kabla hajaigeuza.

"Dokta, hiki cheti ni chako?"

"Ndiyo, afande."

"Kinasema huyu mbwa ukoo wake ni mzima, nyonga safi. Lakini tumekuta kijana ana vidonge vya maumivu ya mbwa chini ya godoro. Alijua mbwa ni kiwete na hakumwambia bosi wake. Siku mbwa anahitajika, yeye hayupo. Mbwa mzima hageuki kiwete bila mkono wa mtu. Au nakosea?"

Sufiani akanitazama. Niamini, msomaji, ule uso ulikuwa na furaha. Alikuwa amesubiri nije. Dada yake daktari amefika, sasa mambo yatanyooka.

"Afande, mwulizeni yeye," akasema. "Yeye ndiye alimpima."

"Haya, dokta. Ulipotoa cheti hiki, kulikuwa na kasoro yoyote?"

Watu wakasogea karibu. Eustace alikuwa ameweka mikono kiunoni. Nikaiona leseni yangu. Nikauona uwanja wa Nairobi. Nikamwona baba akisoma jina langu gazetini.

"Hapana," nikasema. "Hakukuwa na kasoro."

Sufiani aliendelea kunitazama hivyo hivyo, kama mtu aliyesikia lugha nyingine na anasubiri mkalimani. Wakampandisha garini.

*

Nilifika nyumbani jioni. Sikugusa ndoo wala udongo. Niliingia nikapita moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa baba, nikakaa sakafuni.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Hujanawa."

"Sufiani amekamatwa."

Nikamweleza. Alisikiliza akivuta tasbihi punje moja moja.

"Amefanya?"

"Hapana."

"Unajuaje?"

Hapo ndipo nilipolia, na nikasema yote. Picha, cheti, vidonge, hapana niliyoitamka mbele ya watu wa Segese. Baba hakufoka. Ningefurahi angefoka.

"Ukisema ukweli, watakufanya nini wewe?"

"Nitanyang'anywa leseni. Labda nifungwe. Kutoa cheti cha uongo ni kosa."

"Nani mwingine anajua?"

"Vipul."

"Usimwambie mtu mwingine," akasema. Akainuka, akaenda kutia udhu. Nilidhani ni aibu. Sikuujua mpango alioanza kuupanga usiku ule kwenye mswala wake.

*

Jumamosi nilikwenda dukani kwa Vipul, duka la vipuri karibu na stendi. Mama yake, Gangaben, alikuwa kwenye kiti chake cha kila siku karibu na mlango, na Kaizari amelala miguuni pake. Mbwa mzuri, nisimkosee. Mgongo mweusi unaong'aa, masikio kama yamekatwa kwa mkasi. Bibi yule alikuwa anamsugua nyonga kwa mafuta ya nazi.

"Asubuhi anakuwa mzito," akaniambia. "Nikimsugua anaamka."

Vipul alisikia. Akanivuta stoo haraka.

"Nipe ile picha," nikasema.

"Picha gani, dokta?"

"Usinifanyie hivyo. Mdogo wangu yuko mahabusu."

Akakaa juu ya katoni ya fani belti za magari. Nilitegemea atakuwa mkali. Alionekana amechoka.

"Niliichoma. Siku ile ile uliyosaini."

"Basi njoo useme kwa mdomo."

"Niseme nini? Kaizari ana watoto zaidi ya arobaini. Wako kwenye maghala, wako migodini, wako kwa wanachama wetu wote. Nikisema, chama kimekufa. Na wewe umekufa nacho." Akanishika mkono. "Kesho ni maonyesho. Jaji anatoka Arusha. Kaizari akishinda mara hii anaandikwa bingwa, namstaafisha, hazalishi tena. Naapa mbele ya mama yangu. Na jina lako la Nairobi liko kwenye ajenda ya kamati. Sufiani tutamtafutia wakili mzuri."

"Wakili atasema nini?"

"Chochote. Isipokuwa hilo."

Nilitoka bila kuaga. Jioni hiyo nilikaa na katiba ya chama, nikaisoma kifungu kwa kifungu, kazi ambayo kwa miaka minne sikuwahi kuifanya hadi mwisho. Kanuni ya ishirini na nne: mwanachama yeyote anaweza kuweka pingamizi kwa maandishi kabla utepe wa mshindi haujafungwa. Pingamizi dhidi ya cheti cha afya litasikilizwa endapo wanachama wawili wataliunga mkono.

Wawili tu.

Nikaandika pingamizi dhidi ya sahihi yangu mwenyewe.

*

Maonyesho yalifanyika kwenye uwanja wa mpira, kamba nyeupe imezungushwa katikati, mahema mawili, spika moja inayokoroma. Washika mbwa walivaa namba vifuani, kwa sababu kanuni inakataza jaji kujua mbwa ni wa nani. Kichekesho. Mwenye namba saba alikuwa Vipul, na hakuna aliyekuwa hajui.

Jaji alikuwa mama mnene mwenye miwani, mkimya. Alikagua meno. Alikagua korodani za madume, zote mbili, kwa kuwa dume lenye moja halishindani. Alipitisha kiganja mgongoni. Kisha akaamuru mwendo.

Kaizari alizunguka mara moja. Watu wakapiga makofi.

Nikavuka kamba.

"Nina pingamizi," nikasema. Nilikusudia kusema kwa sauti. Ilitoka kama ya mgonjwa. "Dhidi ya cheti cha nyonga cha namba saba."

Spika ikazimwa. Vipul akasimama, mnyororo mkononi.

"Aliyetoa cheti ni nani?" akauliza jaji.

"Mimi."

"Unajipinga mwenyewe?"

"Niliona nyonga mbovu nikaandika safi. Kuna mtu yuko rumande kwa sababu hiyo."

Jaji akavua miwani. Akaomba katiba, akaisoma ile kanuni polepole, akawageukia watu chini ya mahema.

"Nani anaunga mkono?"

Nikawatazama. Nilimjua kila mmoja. Nilizalisha mbwa wao, nilichanja vitoto vyao. Na kila mmoja alikuwa na damu ya Kaizari uani kwake. Wakatazama viatu, wakatazama simu. Mwingine alijifanya anamfunga mbwa wake mkanda ambao ulikuwa umeshafungwa.

"Dokta amechanganyikiwa," mtu akasema. "Kesi ya mdogo wake imemvuruga."

"Kweli kabisa. Mpeni maji."

Jaji akaanza kuvaa miwani yake.

Ndipo akasimama mama mmoja wa Tinde aitwaye Sikujua, anayeuza nafaka barabarani, mwanachama mpya kuliko wote. Alikuwa na jike moja, mtoto wa Kaizari.

"Mimi naunga," akasema. "Langu lina miezi kumi, kupanda ngazi mbili tu linabebwa. Nilidhani ni laana, kumbe ni cheti."

Mmoja. Nikasubiri wa pili. Nilihesabu pumzi zangu.

Mzee Jafferali, mwanzilishi wa chama, aliinuka kwa kushika mgongo wa kiti. Alikuwa na watatu wa Kaizari. Mwaka ule alikuwa amekataa kuuza hata mmoja kwa mtu asiye na uzio, jinsi alivyowathamini.

"Naunga," akasema. Akakaa. Akafunika uso kwa leso.

"Mzungushe tena," jaji akamwambia Vipul. "Mara tatu. Mbio."

Mzunguko wa kwanza ulipita. Wa pili, miguu ya nyuma ikaanza kuruka pamoja kama ya sungura. Wa tatu, mbele ya meza ya jaji kabisa, Kaizari akakaa. Vipul akavuta mnyororo kidogo. Mbwa akajaribu, akatetemeka, akakaa tena. Akamtazama bwana wake kama anaomba radhi.

Vipul akatupa mnyororo. Akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nyeupe, akamkumbatia shingo yule mbwa, akalia mbele ya chama kizima. Nilikuwa nimengoja tangu jana yake nione sura ya Vipul ikiangushwa. Nilipoiona sikutaka kuitazama.

Kamati ilikaa pale pale chini ya hema. Cheti cha Kaizari kilifutwa. Watoto wake wote walisimamishwa kuzalishwa hadi wapigwe eksirei. Nami nikavuliwa ukatibu na uanachama, barua kwenda kwa wanaosimamia leseni yangu. Nikaomba jambo moja tu: nakala ya muhtasari, yenye mhuri. Jaji mwenyewe aliitia sahihi chini ya yangu.

Yule mama wa Tinde, Sikujua, akanipandisha kwenye pikapu yake, magunia ya mtama nyuma. Tulipita Tinde bila kusimama.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema, na kwa mara ya kwanza mwaka huo ilikuwa kweli. Karatasi ilikuwa kifuani, ndani ya gauni. Nilijiambia kabla magharibi haijaingia Sufiani atakuwa amekaa katikati yetu kwenye pikapu hii, analalamika njaa.

*

Kituoni polisi, mkaguzi aliisoma ile karatasi mara mbili. Halafu akafungua faili, akachukua nyingine, akaiweka juu ya meza bila kunipa.

"Umechelewa, dokta. Mdogo wako ametoa maelezo jana jioni. Amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kwamba mbwa alimuumiza yeye. Alimpiga kiunoni na mpini wa sepetu kwa hasira, miezi miwili iliyopita, akamficha."

"Ni uongo!"

"Amesaini. Hakuna aliyemgusa."

Akaniruhusu dakika tano. Walimleta bila mkanda, bila viatu. Kanzu ilishakuwa rangi ya sakafu.

"Sufiani, kwa nini?"

"Shikamoo, dada."

"Niambie kwa nini umesaini!"

Akainama karibu na nondo za dirisha. "Baba alikuja jana."

Sikuelewa. Baba hajasafiri miaka sita. Miguu yake imevimba, anakwenda msikitini kwa kupumzika mara mbili njiani.

"Alikaa hapo ulipo. Akasema wewe ukifungwa yeye hana mtu. Mimi nimekutwa na kosa dogo, nimempiga mbwa, nani anafungwa miaka kwa kumpiga mbwa? Watanikemea, watanitoza faini, nitarudi nyumbani. Ila wewe watakumaliza."

"Na wewe ukakubali?"

"Kwani si kweli?" Akanitazama kwa macho safi kabisa. "Si wewe uliniambia ni mimi nilimuumiza? Nilimkimbiza akiwa mchanga. Mpini niliuongeza tu, ili waelewe."

Nikasogeza uso hadi kwenye nondo.

"Sufiani. Sikiliza. Hukumuumiza. Amezaliwa hivyo. Nilijua tangu hajazaliwa. Nilikudanganya."

Askari akagonga mlango. Mdogo wangu akafuta pua kwa mkono wa kanzu, na aliponijibu sauti yake haikuwa ile ninayoijua.

"Hata mimi, dada?"

Wakamrudisha ndani.

Nilirudi kwa mkaguzi nikiwa nimeamua. Nitaandika maelezo yangu, neno kwa neno, usiku kucha ikibidi. Nilimkuta amesimama, simu sikioni, anasema, "Ndiyo. Saa ngapi? Nimekuelewa." Akakata. Akakaa chini taratibu.

"Yule mlinzi," akasema. "Jilala. Amefariki saa kumi jioni."

Nikamwona kwenye geti lake, anacheka, koti la mvua na jua.

"Hii si kesi ya wizi tena, dokta. Sasa nina maiti, na nina kijana aliyekiri kwa sahihi yake kwamba alimharibu mbwa aliyekuwa amlinde huyo maiti, akamwacha naye, akaondoka." Akaziweka zile karatasi mbili bega kwa bega. "Hii inasema mbwa alizaliwa mbovu, aliyeficha ni wewe. Hii inasema mbwa alikuwa mzima, aliyemharibu ni yeye. Na Ijumaa uliniambia kwa mdomo wako, mbele ya watu, hakukuwa na kasoro. Nikuamini lini?"

"Leo, afande. Niamini leo. Nipe kalamu."

Akanisogezea. Nilikuwa nimeandika jina langu tu mlango uliposukumwa.

Alikuwa baba. Kofia imekaa upande, jasho linamtiririka, mkono mmoja ukutani. Hakunitazama.

"Afande," akasema, akihema, "nimesikia binti yangu amekwenda kwenye mkutano wa mbwa akasema maneno. Nimekuja mbio. Msiandike anachosema."

"Baba, nyamaza!" Sijawahi kumwambia baba yangu neno hilo. "Baba, Jilala ame..."

"Mwache mzee aseme," mkaguzi akanikata.

"Binti yangu anajibebesha," baba akasema. "Anampenda mdogo wake, anataka amtoe. Ukweli ni ule aliousema kijana. Alinisimulia mwenyewe, zamani, alivyompiga yule mbwa. Mimi ni shahidi. Niko tayari kuapa kwa Msahafu."

Hakujua. Alidhani anazungumzia faini.

Mkaguzi aliandika kila neno. Alipomaliza akanigeukia, sauti yake ndogo kuliko ilivyokuwa siku zote.

"Dokta, huyu mzee ni nani kwako?"

"Ni baba yangu."

"Umri wake?"

"Sabini na mbili."

"Katika maisha yako yote, umewahi kumsikia akisema uongo?"

Baba akaniangalia sasa, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akinisihi kwa macho. Shinyanga nzima ingejibu swali lile kwa neno moja: hapana. Mkaguzi alikuwa ameinamia karatasi, kalamu imegusa mstari, anasubiri langu.